Mashine ya Eksirei na Pua ya Mbwa: Namna Shehena za Malori Zinavyokaguliwa

Watumishi wa umma na wananchi wa Unguja na Pemba hupokea kila siku bidhaa zilizosafirishwa kwa malori kutoka Tanzania Bara kabla ya kupakiwa melini. Mchele wa Kyela ulioko sokoni ni mfano ulio wazi. Bidhaa hizo hupita mizani, vituo vya forodha na lango la bandari, na baadhi yake hukaguliwa kwa mashine za eksirei au kwa mbwa wenye mafunzo ya kunusa. Maelezo yafuatayo yanafafanua namna ukaguzi huo unavyofanyika, uwezo wake, upungufu wake, na wajibu wa kila anayehusika na shehena.

Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndiyo inayousimamia pande zote mbili. Kwa sababu hiyo, kinachopita mpakani bila kuonekana huko Bara kinaweza kufika Malindi, na kinachotoka Malindi kinaweza kuwa kimetoka mbali sana. Mfano mkuu wa maelezo haya umechukuliwa katika mpaka ulio mbali na bahari: wilaya ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Kyela na njia ya Kasumulu

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, ni bonde lenye rutuba lililo baina ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa. Wakazi wa kata zake, ikiwemo Talatala, wanajulikana kwa kilimo cha mpunga na kakao, na kwa uvuvi. Upande wa magharibi na kusini wilaya inapakana na Malawi, na mpaka ni Mto Songwe. Barabara kuu inayotoka Mbeya kupitia Tukuyu hufika Kasumulu, huvuka daraja la Songwe na kuendelea hadi Karonga na Mzuzu.

Malawi haina bahari. Sehemu ya mafuta, mbolea na bidhaa nyingine za nchi hiyo hushushwa katika Bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori kwa njia hii. Malori hayo ni riziki ya watu wengi: madereva, mawakala wa forodha, makuli, mama lishe na wakulima wanaouza mazao yao. Lori likizuiwa siku mbili bila sababu, hasara huanza kwa mwenye mzigo na humalizikia kwa mnunuzi. Lori likiachwa lipite bila kutazamwa, hasara nyingine hutokea, nayo ni kubwa zaidi ingawa haionekani upesi.

Tukio la Mei 2013

Mwezi Mei 2013, maofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Malawi walilisimamisha lori kaskazini ya nchi hiyo, upande wa Mzuzu. Lori lilikuwa limetoka Tanzania na kuvuka mpaka wa Songwe likiwa limebeba saruji. Katika shehena hiyo ya saruji vilikutwa vipande 781 vya pembe za ndovu, vyenye uzito wa tani 2.6.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ugumu wa kazi ya ukaguzi. Tani 2.6 ni uzito wa mifuko 52 ya saruji ya kilo 50. Lori la tani 30 hubeba mifuko 600. Msafirishaji akipunguza mifuko 52 na kuweka magendo mahali pake, mizani itasoma uzito uleule ulioandikwa katika nyaraka. Ofisa anayetazama kwa macho ataona mifuko ya saruji juu, nyuma na pembeni. Ili kuona kilichomo kati ni lazima ama apakue mifuko mingi kwa mikono, ama awe na njia ya kutazama ndani bila kupakua.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Mzuzu iliwatia hatiani ndugu wawili raia wa Malawi. Adhabu yao ilikuwa faini ya kwacha milioni 2.5 kila mmoja au kifungo cha miaka 7, nao walilipa faini. Adhabu hiyo ililalamikiwa kuwa ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya pembe, na mwaka 2017 Malawi ilirekebisha sheria yake ya wanyamapori na kuweka kifungo cha hadi miaka 30. Pembe zenyewe zilichomwa moto mjini Mzuzu mwezi Machi 2016.

Uzito wa jambo hili kwa Tanzania unafahamika kutokana na hesabu ya ndovu. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria ndovu 109,051 nchini. Ile ya mwaka 2014 ilikadiria 43,330. Katika miaka mitano nchi ilipoteza zaidi ya nusu ya ndovu wake. Pembe hizo hazikutoka nchini kwa miguu. Zilipita katika barabara, mipaka na bandari, ndani ya shehena ambazo nyaraka zake zilitaja vitu vya kawaida.

Mashine ya eksirei inavyofanya kazi

Mashine ya kukagulia malori hufanana kimsingi na eksirei ya hospitali, isipokuwa nguvu ya mionzi yake ni mara makumi ya ile inayotumika kupiga picha ya mfupa. Mionzi hutolewa upande mmoja, hupita katika lori na shehena yake, kisha hupokelewa na safu ya vipokezi upande wa pili. Kila kitu huzuia mionzi kwa kiasi kulingana na unene wake, uzito wake na aina ya maada yake. Chuma huzuia sana. Pamba huzuia kidogo. Tofauti hizo hugeuzwa kuwa picha katika kompyuta. Mashine kubwa huweza kupenya chuma chenye unene wa takriban sentimita 30.

Zipo mashine za aina tatu. Ya kwanza ni ile iliyojengwa mahali pamoja, ambapo lori huingizwa katika jengo lenye kuta nene. Ya pili imewekwa juu ya gari na huweza kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo. Ya tatu ni lango ambalo lori hupita chini yake likiwa katika mwendo. Bandari ya Dar es Salaam ilianza kutumia mashine za kukagua makontena katika miaka ya 2000.

Mashine za kisasa hutumia mionzi ya nguvu mbili tofauti kwa zamu ya haraka sana. Kwa kulinganisha namna maada inavyozuia kila moja, kompyuta hukadiria aina ya maada na kuipa rangi. Kwa kawaida rangi ya machungwa huonyesha vitu vyenye asili ya mimea au wanyama, na vilevile plastiki na dawa nyingi. Buluu huonyesha metali. Kijani huonyesha vitu vilivyo kati ya hivyo.

Inafaa kusisitiza kuwa mashine haisemi “hii ni pembe” wala “hii ni heroini”. Mashine hutoa picha. Anayesema ni mtumishi aliyefunzwa kuisoma. Mtumishi huyo hulinganisha picha na nyaraka. Nyaraka zikisema mchele, picha inapaswa kuonyesha magunia yenye rangi na wingu linalolingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Akiona mahali penye giza zaidi, umbo lililopinda, au ukuta wa kontena ulio mnene kuliko kawaida, hutia alama na kuagiza lori lifunguliwe. Mtumishi aliyechoka au asiyejua shehena halali inavyoonekana anaweza kuipita alama iliyo wazi mbele yake. Kwa hiyo gharama ya mashine haiishii katika kuinunua. Mafunzo ya wasomaji wa picha, matengenezo na umeme wa uhakika ni sehemu ya gharama hiyo.

Mbwa wa kunusa

Mbwa ana vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kuwa kati ya milioni 125 na 300. Binadamu ana takriban milioni 5 au 6. Zaidi ya wingi huo, mbwa huweza kutenganisha harufu zilizochanganyika. Mtu akipita jikoni hunusa mchuzi. Mbwa hunusa kitunguu, bizari, nazi na samaki, kila kimoja peke yake. Ndiyo maana mfanya magendo anayemwaga kahawa au pilipili juu ya mzigo wake hajifichi kama anavyodhani. Harufu ya kahawa haiifuti ile ya chini yake. Huongezeka tu juu yake.

Mafunzo ya mbwa hujengwa juu ya mchezo. Harufu inayotafutwa huunganishwa na kitu anachokipenda, aghalabu mpira. Mbwa hujifunza kuwa akiipata harufu hiyo na kuonyesha ishara, hupewa mpira wake. Ishara inayotakiwa katika kazi ya shehena ni ya utulivu: mbwa huketi au husimama kimya akielekeza pua mahali penye harufu. Hakwaruzi, habweki, wala hapasui mzigo. Kila mbwa hufanya kazi na askari wake maalumu, na askari huyo hufunzwa kusoma mabadiliko madogo ya pumzi, mkia na mwendo wa mbwa wake.

Jeshi la Polisi Tanzania lina Kikosi cha Farasi na Mbwa. Kwa upande wa nyara za wanyamapori, Shirika la African Wildlife Foundation lilianza mpango maalumu mwaka 2014, na mbwa na waongozaji wao wamefunzwa Usa River, mkoani Arusha. Mbwa waliotoka katika mpango huo wamefanya kazi Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika, katika viwanja vya ndege na bandari. Malawi nayo imeweka kikosi cha mbwa wa kunusa nyara katika uwanja wa ndege wa Kamuzu, Lilongwe.

Mbwa naye ana mipaka. Hufanya kazi kwa muda mfupi, aghalabu dakika 20 hadi 40, kisha hupumzishwa. Joto la Kyela na la pwani humchosha upesi, na mbwa anayehema kwa mdomo hanusi vizuri. Vumbi la saruji huwasha pua. Kontena lililofungwa barabara hutoa hewa kidogo. Vilevile mbwa hutambua harufu alizofunzwa tu. Aliyefunzwa pembe hatambui dawa za kulevya asipofundishwa.

Kwa nini njia mbili zitumike pamoja

Matukio matatu ya magendo ya pembe za ndovu yanatosha kufafanua jambo hili, na mawili kati yake yalitokea Zanzibar.

Mwezi Agosti 2011 zilikamatwa katika bandari ya Zanzibar pembe 1,041 zilizofichwa katika shehena ya dagaa wakavu waliokuwa wakipelekwa Malaysia. Mwezi Novemba 2013 yalikamatwa bandarini hapo takriban tani 3 za pembe, ndani ya kontena lililojazwa magunia ya makombe ya baharini. La tatu ni lile la saruji lililoelezwa hapo juu.

Dagaa wakavu ni wepesi na wana asili ya mnyama. Mionzi huwapita kwa urahisi. Pembe ni nzito na ina madini ya kalsiamu kwa wingi, kwa hiyo katika picha ya eksirei pembe zilizo ndani ya dagaa zingesimama wazi kama mawe ndani ya pamba. Ficho la dagaa linategemea harufu kali na uvivu wa mtu wa kupekua. Mashine haijali harufu.

Makombe na saruji ni kinyume chake. Vyote viwili vina kalsiamu, kama pembe yenyewe. Rangi inayotolewa na kompyuta haiwezi kuvitenganisha kwa wepesi, na wingi wa saruji huzima sehemu kubwa ya mionzi. Msomaji wa picha hubakiwa na dalili moja kubwa, nayo ni umbo: mfuko wa saruji ni wa mstatili na pembe imepinda. Pembe zikikatwa vipande vidogo, hata dalili hiyo hupungua. Hapa ndipo pua inapohitajika, kwa sababu saruji haina harufu ya ndovu.

Hivyo ficho linaloshinda mashine aghalabu halimshindi mbwa, na linalomsumbua mbwa aghalabu huonekana katika mashine. Mfanya magendo anayejua kuwa atakutana na kimoja tu huchagua ficho lake kulingana na hicho. Anayejua kuwa huenda akakutana na vyote viwili hana pa kuchagua.

Panya wa Morogoro

Tanzania imeongeza njia ya tatu. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Katika miaka ya karibuni limewafundisha pia kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mti wa mpingo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa panya hao waliweza kuzitambua harufu hizo hata zilipochanganywa na vitu vingine vinavyotumiwa kuzificha, na kwamba walizikumbuka baada ya miezi kadhaa bila mazoezi. Panya huvalishwa kizibao chekundu chenye kitufe kidogo. Akinusa anachokitafuta hukivuta na mlio husikika. Majaribio yamefanyika katika Bandari ya Dar es Salaam. Faida ya panya ni udogo wake: huinuliwa hadi kwenye tundu la hewa la kontena na huingia penye upenyo ambao mbwa hawezi.

Afya, chakula na tohara

Mionzi inayotumika katika ukaguzi huisha mara mashine inapozimwa. Haibaki katika lori wala katika bidhaa. Mchele, samaki au matunda yaliyopita katika mashine hayageuki kuwa na mionzi na yanafaa kuliwa. Hatari iliyopo ni kwa mtu anayekaa katika njia ya mionzi. Kwa hiyo madereva na utingo wanapoagizwa kushuka na kusubiri nyuma ya mstari ni lazima watii, na abiria asifichwe ndani ya lori kwa hali yoyote. Udhibiti wa vyanzo vya mionzi nchini ni dhamana ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Kuhusu mbwa, Waislamu wenye shehena za chakula au nguo wana haki ya kupata maelezo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, wanafundisha kuwa mate ya mbwa ni najisi, na pia kwamba najisi haihami kati ya vitu viwili vilivyo vikavu. Mbwa aliyefunzwa ishara ya utulivu hunusa nje ya mzigo na hana haja ya kuugusa kwa ulimi. Ipo pia mbinu iliyokwisha kujaribiwa katika bandari ya Mombasa, ambayo hewa ya ndani ya kontena hufyonzwa na kupitishwa katika kichujio, kisha kichujio hicho hupelekwa kwa mbwa mahali pengine. Kwa njia hiyo mbwa hakaribii shehena kabisa.

Hatua za ukaguzi na wajibu wa wahusika

Si kila lori hupitishwa katika mashine. Wakala huwasilisha tamko la forodha kabla ya mzigo kufika. Mfumo wa kompyuta hupima vihatarishi kwa kutazama aina ya bidhaa, ilikotoka, mwenyewe na historia yake, kisha huupangia mzigo njia: kijani kuruhusiwa, manjano kukaguliwa nyaraka, nyekundu kukaguliwa kwa mashine au kwa mikono. Mbwa wanaweza kupitishwa wakati malori yamepanga foleni, bila kuchelewesha msafara. Lori likitiliwa shaka hufunguliwa mbele ya mwenye mzigo au wakala wake, lakiri hukatwa, mzigo hupekuliwa, na lakiri mpya huwekwa na namba yake kuandikwa.

Mwenye mzigo anatakiwa kutamka bidhaa zote kwa majina na uzito sahihi, na kutokubali “kifurushi cha rafiki” kisicho na nyaraka. Dereva anatakiwa kushuhudia upakiaji, kuhakiki namba ya lakiri kabla ya kuondoka na katika kila kituo, na kutoa taarifa mara lakiri ikiharibika. Dereva asiyejua kilicho katikati ya mifuko ndiye atakayekutwa ameshika usukani. Mtumishi anatakiwa kutunza picha na kumbukumbu za ukaguzi, kwa kuwa hizo ndizo ushahidi mahakamani, na kueleza sababu anapozuia shehena.

Mipaka ya vifaa

Mto Songwe una vivuko vingi visivyo na daraja wala mashine. Mtumbwi huvuka usiku, na njia za panya hupita katikati ya mashamba ya mpunga. Hapo kinachofanya kazi ni taarifa za wananchi wa vijiji vya mpakani, na mashirikiano ya maofisa wa nchi mbili. Uzoefu unathibitisha hilo. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni zilizofanyika Dar es Salaam na Iringa, kiasi kilichotajwa wakati huo kuwa kikubwa kuliko chote kilichowahi kukamatwa nchini. Iringa haina bandari wala mpaka. Ni mji ulio katika barabara kuu inayokwenda Mbeya.

Ushirikiano wa mipakani nao unarahisisha kazi. Katika kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 baina ya Tanzania na Zambia, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na lori halilazimiki kusimama mara mbili kwa jambo lilelile.

Mashine, mbwa na panya ni macho na pua za nchi, lakini uamuzi wa kufungua au kuachia lori hubaki kwa binadamu. Lori la saruji la mwaka 2013 lilivuka mpaka likiwa na nyaraka mkononi, na likakamatwa upande wa pili na maofisa walioamua kutazama chini ya mifuko ya juu. Mwananchi mwenye taarifa kuhusu shehena anayoitilia shaka anaombwa aifikishe katika kituo cha polisi au ofisi ya forodha iliyo karibu naye, na ofisa anayeipokea ana wajibu wa kuitunza siri yake.